Kitambaa ulichokitia rangi mwenyewe na hukipendi: kabla hujakitumbukiza kwenye nyeusi, kipitishe kwenye nta

Mkono wa Rangi (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa wenye rundo. Mnalijua rundo ninalolisema: vile vipande ulivyovifunga, ukavichovya, ukavifungua kwa hamu, kisha ukavikunja upya kimyakimya na kuvisukumia chini ya kabati. Si vibaya kiasi cha kutupwa, si vizuri kiasi cha kushonwa. Waridi lililokoza upande mmoja na kupauka upande wa pili. Zambarau iliyogawanyika, pembeni buluu, katikati pinki. Kijani ambacho hakuna aliyekiagiza.

Dawa ya wengi ni nyeusi. Kitambaa kinarudishwa beseni, kinamwagiwa rangi nyeusi, mambo yamekwisha. Sina ugomvi na nyeusi, lakini ukifanya hivyo umezika pia vile vijisehemu vilivyokuwa vimetoka vizuri, na karibu kila kitambaa kibaya kinavyo. Nta inakupa nafasi ya kuvichagua. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili: batiki kama njia ya kuamua kipi kibaki na kipi kizame.

Tumezoea kusema nta inalinda weupe. Nta inalinda chochote ilichokikuta. Ukiiweka juu ya doa la rangi ya chungwa, doa hilo litabaki salama hata ukikizamisha kitambaa chote kwenye buluu ya usiku. Kwa hiyo yale madoadoa na mawimbi yaliyokukera yanageuka kuwa mtaji. Kila alama ya nta itakuwa na rangi yake, hakuna mbili zinazofanana, kwa sababu rangi ya chini yake ilikuwa inabadilikabadilika. Ukianza na kitambaa cheupe hulipati hilo bila kazi kubwa ya kupaka rangi moja moja kwa brashi.

Namna ninavyofanya: kwanza kitambaa kinafuliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yatoke safi. Dawa ya kulainisha nguo isiguse, inazuia rangi kupenya. Kikikauka kinapigwa pasi. Kisha nakata dirisha la mraba kwenye karatasi nyeupe na kulipitisha polepole juu ya kitambaa. Ukikitazama kizima unaona fujo. Ukikitazama kupitia dirisha lenye upana wa kiganja, unagundua kona ile kumbe ina kitu. Sehemu hizo naziwekea alama kwa chaki.

Halafu napiga picha kwa simu na kuiondolea rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo ndipo ukweli unapotoka. Kitambaa kikionekana kijivu kimoja kutoka kona hadi kona, basi ugonjwa wake hauko kwenye rangi. Hakina palipokoza wala palipopauka, macho hayana pa kutua. Hiyo ndiyo kasoro ambayo nta na rangi ya pili huiponya vizuri kuliko zote. Kikionekana cheusi chote, kuongeza rangi hakutasaidia, itabidi twende upande wa kuondoa rangi. Tutafika huko.

Sasa kuchagua rangi ya juu. Rangi za nguo hazifuniki zilichokikuta: ni kama kuweka kioo cha rangi juu ya kioo kingine. Njano chini, buluu juu, unapata kijani. Nyekundu chini, kijani juu, unapata hudhurungi, upende usipende. Rangi zinazokabiliana kwenye duara la rangi (nyekundu na kijani, buluu na chungwa, njano na zambarau) zikikutana zinauana, na kinachobaki ni kahawia au kijivu. Watu wanaliogopa tope hilo. Mimi nalitafuta makusudi. Kitambaa chenye rangi nyingi zinazogombana kikizamishwa kwenye rangi moja iliyokoza, zote zinavutwa upande mmoja na ugomvi unaisha, huku chini ya nta zile za awali zimebaki zinang'aa. Buluu nzito, hudhurungi nzito na zambarau nzito ndizo zinazonipa matokeo ninayoyapenda. Nyeusi tupu naiepuka. Inakata mno, alama za nta zinaonekana kama zimebandikwa.

Sheria ninayoishikilia ni moja: rangi ya juu iwe imekoza waziwazi kuliko sehemu iliyokoza zaidi kati ya zile ulizozipaka nta. Zikilingana, utachora kutwa nzima na mchoro hautaonekana.

Karibuni. Nta, joto, kemikali na kuondoa nta nimewaachia wanaoyajua kuliko mimi.

Kipande Kimoja:

Picha ziko wapi mkuu? Uzi wa rangi bila picha?

Mkono wa Rangi:

Simu yangu inageuza kila zambarau kuwa buluu, ningewapotosha. Jaribu kwako, utaamini zaidi.

Binti Pamba:

Asante kwa uzi. Naomba kuuliza mawili. Nta ipi? Mishumaa ya kawaida inafaa? Na la pili, nimewahi kuona batiki ambayo rangi imepenya chini ya nta, michoro ikawa na ukungu badala ya kingo safi. Kinachosababisha ni nini?

Fundi Nta:

Dada Binti Pamba, majibu yote mawili yanatoka kwenye sufuria moja.

Mishumaa mingi ya kawaida ni parafini. Inafaa, lakini peke yake ni ngumu na inakatika, ukikikunja kitambaa inapasuka na kubanduka. Nta ya nyuki ni laini, inajikunja pamoja na kitambaa, inang'ang'ania. Ndiyo maana mafundi wengi huchanganya. Nusu kwa nusu ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukitaka nyufa nyingi ongeza parafini, ukitaka kingo safi na mistari isiyovuja ongeza nta ya nyuki. Mishumaa yenye rangi au manukato iache, rangi yake inaweza kubaki kwenye kitambaa.

Suala la ukungu ni joto. Nta ya nyuki huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, parafini nyingi huyeyuka chini kidogo ya hapo. Lakini kuyeyuka si kupenya. Ikiwa imeyeyuka tu, inapogusa kitambaa baridi inaganda juu juu na nyuzi za chini zinabaki wazi. Angalia rangi yake inapotua: ikikaa nyeupe kama ganda, ni baridi. Ikizama na kitambaa kikawa cheusicheusi, kinapitisha mwanga kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta, hapo imepenya. Geuza kitambaa uangalie nyuma. Ambapo haikutokea, ipake nyuma pia.

Sufuria ya nta ndani ya sufuria ya maji ni njia salama, ila maji hayazidi nyuzi 100 na kwa pamba nzito joto hilo wakati mwingine halitoshi. Wenye kikaango cha umeme chenye kidhibiti joto hufanya kazi kwenye 115 hadi 130 hivi. Usizidishe. Nta ikianza kutoa moshi umekwishavuka mpaka, na moshi huo unawasha macho na koo. Fungua madirisha hata kama huoni moshi.

Na hili naliandika peke yake. NTA IKISHIKA MOTO USIMWAGE MAJI. Maji yanageuka mvuke papo hapo chini ya nta na kuirusha juu ikiwa inawaka. Zima chanzo cha joto, funika kwa mfuniko wa chuma, acha mpaka ipoe kabisa. Mfuniko ukae karibu na mkono muda wote. Moto wa wazi siupendi kabisa kwa kazi hii, na nta iliyo jikoni haiachwi peke yake hata dakika moja.

Brashi iwe ya manyoya ya asili, za nailoni zinayeyuka au kujikunja. Brashi ya nta haisafishwi, itaganda na kuyeyuka tena siku nyingine.

Nyuzi na Nyufa:

Nakazia hapo kwa Fundi. Mimi natumia nta ya soya. Inayeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, haitoi moshi usipozidisha joto, na inatoka kwa maji ya moto na sabuni bila kuchemsha nguo. Kwa mtu anayeanza sioni sababu ya kuhangaika na parafini.

Fundi Nta:

Sababu ipo. Nta ya soya ni mafuta ya mmea yaliyogandishwa. Mafuta yakikutana na alkali (kinyume cha tindikali) yanaanza kugeuka sabuni. Soda ashi (sodiamu kaboneti, ule unga wa kushikisha rangi) ni alkali, kostiki (sodiamu haidroksaidi) ndiyo usiseme. Kitambaa chenye nta ya soya kikilala masaa kwenye beseni la soda, kingo zinaanza kulainika na alama zako zinaliwa. Parafini haijali alkali hata kidogo, na nta ya nyuki inavumilia kwenye maji baridi. Sisemi soya haifai. Inafaa ukipaka rangi kwa brashi, au ukiizamisha kwa muda mfupi.

Nyuzi na Nyufa:

Hilo nakubali. Mimi hupaka kwa brashi, rangi ikiwa nzito kidogo, ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo.

Bibi wa Beseni:

Wanangu, mmezungumza nta vizuri sana ila mmeruka kitu kikubwa. Kabla ya kuchagua rangi ya juu, jiulize: hicho kitambaa usichokipenda kilitiwa rangi ya aina gani? Watu wengi wanaona maajabu kwenye beseni na kulaumu muuza rangi bure.

Tunaofanya kazi hii tunatumia zaidi makundi mawili. La kwanza ni rangi za reaktivi, zile zinazoshika pamba kwa msaada wa soda ashi kwenye maji ya kawaida. Aina ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, kutoka kampuni ya Uingereza iitwayo ICI, na kwa watu wa batiki ilikuwa neema, maana rangi isiyohitaji maji ya moto haiyeyushi nta. Kundi la pili ni zile za vati, tunazoziandaa kwa kostiki na haidro (unga wa sodiamu haidrosalfaiti). Hizo haziyeyuki kwenye maji mpaka haidro iondoe oksijeni, kisha kitambaa kikitolewa hewani rangi inarudi na kujifungia ndani ya nyuzi. Ndiyo maana beseni linaweza kuwa na rangi moja na nguo ikatoka na nyingine.

Sasa changanya makundi haya juu ya kitambaa kimoja uone.

Chini reaktivi, juu reaktivi: hapo maneno ya mwanzisha uzi yanafuata kama yalivyo, rangi inajumlishwa juu ya rangi.

Chini reaktivi, juu vati: hapa kuna mchezo. Haidro inavunja rangi nyingi za reaktivi. Kwa hiyo beseni lile lile linalotia rangi mpya linaondoa ile ya zamani palipo wazi. Ulitegemea njano na buluu zitoe kijani, unatoa kitambaa na palipo wazi ni buluu karibu tupu, ila chini ya nta njano imebaki. Ukijua hivyo mapema, ni silaha nzuri sana kwa kitambaa chenye rangi zinazogombana. Huhitaji tope lolote, rangi mpya inaingia karibu kama kwenye kitambaa kipya.

Chini vati, juu vati: haidro inaamsha rangi ya zamani, sehemu yake inaachia na kuhamia kwenye maji. Beseni linachafuka na kitambaa kinatoka na kivuli usichokipanga. Fanya haraka, maji yasiwe moto, na usitegemee kutumia beseni hilo kwa kitambaa kingine cheupe.

Chini vati, juu reaktivi: tulivu, soda ashi haiigusi rangi ya vati.

Kama hukumbuki kilitiwa nini, kata ukanda mwembamba pembeni uuweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye kostiki kidogo na haidro. Rangi ikitoweka na isirudi baada ya kukaa hewani na kusuuzwa, ilikuwa reaktivi. Ikibadilika kisha ikarudi yenyewe hewani, ni vati.

Na usalama wenu wanangu. Kostiki inatiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye kostiki, maana inachemka na kuruka. Glovu ndefu na kinga ya macho. Haidro ikae pakavu na imefungwa, ikipata unyevu inaweza kujipasha moto yenyewe. Isikutane na siki wala tindikali yoyote. Rangi ya vati iyeyushwe kwenye maji ya moto kidogo pembeni, ndipo imiminwe kwenye beseni la maji ya kawaida, vinginevyo nta yako inalainika kabla rangi haijaingia.

Mkono wa Rangi:

Bibi, shikamoo na asante. Hiyo ya reaktivi chini na vati juu inabadilisha sehemu ya nilichoandika kuhusu kuchagua rangi. Nyongeza kwa wanaotumia reaktivi pande zote mbili: loweka kitambaa kwanza kwenye maji ya soda ashi, gramu 40 hadi 60 kwa lita, kikaushe bila kusuuza, kisha weka nta na upake rangi kwa brashi. Hapo hakuna haja ya beseni kubwa. Funika kwa plastiki kibaki na unyevu mpaka kesho yake, mahali penye joto la kawaida. Pakiwa na baridi rangi inashika nusu nusu. Na rangi uliyokwisha kuchanganya na soda haihifadhiwi, baada ya masaa machache inakuwa imeungana na maji badala ya kitambaa. Kwa rangi zilizokoza sana weka unga wa rangi maradufu au zaidi ya kiasi cha kawaida, la sivyo buluu yako ya usiku itatoka buluu ya mchana.

Kivuli cha Indigo:

Mimi kesi yangu ni ile ya picha kuonekana nyeusi yote. Kitambaa ni zambarau nzito kimetoka na mabaka. Niende na blichi? Pamba tupu.

Fundi Nta:

Blichi ya klorini inafanya kazi, na hapo mambo yanageuka kichwa chini: nta inalinda kilichokoza, pasipo na nta panapauka. Unapata michoro mizito juu ya uwanja mwepesi. Anza na sehemu moja ya blichi kwa sehemu tano au zaidi za maji, simama hapo hapo, toa kabla hujafika unapotaka. Kitambaa kikiwa kibichi kinaonekana kimekoza kuliko kitakavyokuwa kikikauka. Kikigoma kupauka ndani ya dakika kama kumi, kubali, usiongeze nguvu. Pamba inaoza kwa blichi kabla hujaona dalili, utakuja kuiona siku kitambaa kinapochanika kwenye mshono. Hariri na sufu usijaribu kabisa, blichi inazila.

Usitegemee pia weupe. Nyeusi za reaktivi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na nyingi zinapauka kuelekea kahawia au kutu, jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko weupe. Feruzi ni kichwa ngumu, mara nyingi inabaki hata zote zilizochanganywa nayo zikiondoka.

Kivuli cha Indigo:

Na nikimaliza nisuuze na siki ili kuua blichi, siyo?

Bibi wa Beseni:

HAPANA mwanangu. Siki na blichi vinatoa gesi ya klorini. Hiyo ni sumu, inashambulia mapafu. Siki haiui blichi, inaiamsha. Suuza kwanza kwa maji mengi, kisha loweka kwenye maji yenye sodiamu metabaisalfaiti kidogo, au sodiamu thaiosalfeti, au hidrojeni peroksaidi. Chagua moja, usichanganye. Suuza tena. Ukiruka hatua hii blichi inaendelea kula nyuzi kimyakimya, na rangi yoyote utakayoitia juu itakufa.

Fanyia nje, na hiyo blichi isikutane na maji yako ya haidro.

Kivuli cha Indigo:

Nashukuru Bibi, umeniokoa. Kwa hiyo nikishaiua vizuri, naweza kutia rangi nyingine nta ikiwa bado ipo?

Bibi wa Beseni:

Ndiyo, na hapo ndipo raha yake. Zambarau chini ya nta, palipopauka unatia dhahabu au kijani chepesi. Hakuna atakayejua kitambaa kilianzia wapi.

Nyuzi na Nyufa:

Tuzungumzie michoro basi. Wengine hatujui kuchora. Mimi nachovya kwenye nta vitu vya chuma na mbao: kinu cha kupondea viazi chenye matundu, kipande cha bomba, ncha ya ubao, boksi gumu lililokunjwa kuwa duara, sponji iliyochongwa. Nta inagandamizwa, inaachia muhuri. Chuma kiache ndani ya nta kipate joto kwanza, kikiwa baridi muhuri wa kwanza unatoka mweupe na hauingii. Wajava wa Indonesia wanatumia mihuri ya shaba iitwayo cap, iliyoshika kasi tangu katikati ya karne ya 19, sambamba na canting, ile kalamu yenye kikombe na mdomo mwembamba wa kumwaga nta. Kwa hiyo asikudharau mtu kwa kutumia muhuri.

Na nyufa! Kunja kitambaa chenye nta kikiwa kimetoka kwenye maji baridi, zile mishipa ndiyo uzuri wa batiki.

Mkono wa Rangi:

Hapo kwa nyufa tutofautiane kidogo. Kwenye kitambaa cheupe nyufa zinapendeza. Kwenye kitambaa ambacho tayari kina madoa, mawimbi na rangi tano, nyufa ni fujo juu ya fujo. Nta yangu kwa vipande hivi huwa na nyuki wengi zaidi ya parafini, na nakibeba kitambaa bila kukikunja. Kilichokosekana kwenye kitambaa ni utulivu, na utulivu unaletwa na kingo safi na uwanja mpana wa rangi moja. Wajava wenyewe, kwenye batiki za Yogyakarta na Solo, waliheshimu sana nta isiyopasuka, nyufa zilihesabika kuwa kasoro.

Umenikumbusha jambo. Kwenye batiki hizo za zamani, buluu ya indigo ilitangulia, kisha nta ikaondolewa sehemu fulani na nyingine kuongezwa, halafu ikaja hudhurungi iitwayo soga. Soga ilipopita juu ya indigo ilitoa karibu nyeusi. Rangi mbili tu, lakini kitambaa kina nne ukihesabu na weupe. Batiki ya Indonesia iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, na ukiitazama kwa jicho la mtu mwenye rundo kabatini unaona kitu kimoja: kutia rangi juu ya rangi ni sehemu ya mpango wenyewe tangu mwanzo.

Kwa hiyo usiishie kwenye nta mara moja. Paka nta kwenye vipande bora, tia rangi ya kati. Kikikauka, paka nta tena kwenye sehemu mpya zilizojitokeza vizuri, maana huwa zinajitokeza, kisha tia ile nzito. Safu ya pili ndiyo inayofanya kitambaa kionekane kina kina.

Kwa michoro napendekeza kitu kimoja kinachojirudia, kikubwa. Duara, mstari mpana, jani. Kitambaa chenye kelele hakihitaji maua madogomadogo.

Nyuzi na Nyufa:

Sikubali moja kwa moja, lakini nitaijaribu hiyo ya mistari mipana.

Binti Pamba:

Na kutoa nta je? Nimeshauriwa pasi na magazeti.

Fundi Nta:

Pasi na karatasi inatoa sehemu kubwa, haitoi yote. Kitambaa kinabaki kigumu na kila alama inazungukwa na kivuli cha mafuta. Kwa kitu cha kutundika ukutani sawa. Kwa nguo, chemsha.

Kwanza kisuuzwe kwa maji baridi mpaka rangi isiyoshika iishe, usipofanya hivyo itarukia sehemu zilizokuwa chini ya nta mara tu zikifunguka. Kwangua nta nene kwa kijiko. Chemsha maji mengi na sabuni kidogo, zamisha, koroga kwa mti. Nta inapanda juu. Kosa linalofanyika sana ni kuzima moto na kuacha kitambaa humo, nta ikipoa inajishika upya. Kitoe maji yakiwa bado yanachemka, kitumbukize moja kwa moja kwenye ndoo ya maji baridi, kisugue, mabaki yanakatika kama magamba. Rudia kwa maji mapya. Rangi ya reaktivi au ya vati iliyoshika vizuri haiogopi kuchemshwa.

Maji yenye nta hayamwagwi kwenye sinki, yataziba bomba. Yaache yapoe, utainua sahani ya nta nzima. Inatumika tena, ila ikaushwe kabisa kwanza, tone la maji ndani ya nta ya moto linaruka usoni.

Kipande Kimoja:

Kwa ambaye nyumba yake hairuhusu nta ya moto, kuna njia mbadala?

Bibi wa Beseni:

Uji wa wanga. Wayoruba wa Nigeria wana adire eleko, wanapaka uji wa muhogo kwa unyoya au kwa kibao chenye matundu, ukikauka wanatia indigo. Uji unapakwa upande mmoja tu, na haustahimili kulowekwa muda mrefu kama nta, kwa hiyo zamisha mara fupifupi au paka rangi kwa brashi. Kingo zinatoka laini kidogo na uji unapasuka kwa namna yake. Kutoa ni kuloweka na kukwangua.

Kipande Kimoja:

Swali la mwisho. Kitambaa changu nahisi kina poliesta ndani, rangi ilishika kwa kusuasua tangu mwanzo.

Fundi Nta:

Chomoa uzi mmoja uuchome juu ya sahani. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha tone gumu. Ukiona vyote viwili ni mchanganyiko, na rangi zote tulizozitaja hapa zitashika upande wa pamba peke yake. Nzito itatoka ya kati, ya kati itatoka nyepesi, hata uongeze unga vipi. Hicho usikipangie kazi ya maana. Kifanye kitambaa cha kujaribia joto la nta na mihuri, nta inashika kama kawaida na utaona nyuma kama imepenya.